Mtori wa chini ya mwembe, barabara ya Moshi–Himo: tumsaidie mama, lakini tusimharibie

#1 Msambaza Dawa (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Wanaotumia barabara ya Moshi kwenda Himo wengi watakuwa wanapajua. Ukishaipita Kiboriloni, nyumba zikaanza kupungua na tambarare ya Kahe ikafunguka mkono wa kulia, utafika mahali penye mwembe mkubwa. Chini yake pana banda la mabati, mabenchi manne, na malori mawili matatu yaliyoegeshwa vibaya. Kibao hakuna. Wengine wanapaita mwembeni, wengine kwa mama mtori. Jina la kijiji siliandiki kwa sababu mwenyewe aliniomba nisiliandike, na ombi lake hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu.

Mimi nasambaza dawa za mifugo, Moshi hadi Rombo, mwaka wa 11 sasa. Siku tatu kwa wiki safari yangu inaanzia pale. Saa 12 na robo asubuhi sufuria imeshateremshwa mekoni, bado inatokota kwa joto lake yenyewe, mama amesimama na upawa mkononi. Wa kwanza kupewa bakuli si dereva wala mwalimu. Ni mzee mmoja jirani ambaye hana mtu nyumbani. Halipi, na sijawahi kusikia akiulizwa. Baada yake ndiyo biashara inaanza: bakuli la mtori (supu nzito ya ndizi na nyama) 2,000, chapati 500, chai ya maziwa 500. Saa 3 kasoro sufuria imeshakwanguliwa. Ukija saa 3 na nusu utapata chai na pole. Mchana kuna wali maharage, na perege wa Nyumba ya Mungu siku akipatikana, ni chakula kizuri, lakini sijaona mtu akimsimamisha dereva wa Hiace kwa ajili ya wali. Kwa ajili ya mtori nimeona mara nyingi.

Na pale si pa kula tu. Mzigo wa mtu ukishushwa na basi la kutoka Dar unalazwa kwa mama mpaka mwenyewe ashuke kutoka mlimani. Kukitokea msiba, daftari la rambirambi linafunguliwa pale kabla halijafika kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwanangu wa pili alipolazwa, mke wangu alipita pale na chupa ya chai akaijaza mtori. Alipotaka kulipa siku ya pili, mama akamwambia alete chupa kila siku hadi mtoto atoke, hesabu tutazungumza akishapona. Mtoto alipona. Nilipokwenda kulipa, akachukua nusu.

Sasa jambo lenyewe. Wiki mbili zilizopita baadhi ya wateja, watu wema kabisa, wengine wako Dar na wengine nje ya nchi, wameunda kundi la WhatsApp la kumjengea mama hoteli ya kisasa. Marumaru, televisheni kubwa, friji la soda, chipsi mayai, mishkaki, kibao kikubwa barabarani, mpishi wa zamu ya usiku. Ahadi zimeanza kumiminika. Jumanne mama akaniita pembeni, akafuta mikono kwenye kanga, akasema: "Mwanangu, waambie sikatai msaada. Lakini sufuria yangu ni moja, na kila kilichomo nakijua kilikotoka. Wakinijazia watu, nitaanza kupika nisivyovijua."

Neno hilo halijanitoka kichwani. Mimi ni mtu wa ng'ombe, kwa hiyo niwaeleze ninachokiona nikizunguka kwenye nyumba za watu.

Ndizi anazopika mama ni mshare. Zinakatwa mchana kwenye vihamba (mashamba ya nyumbani) vya juu, upande wa Kilema na Kirua, jioni zinateremshwa na kijana yuleyule wa bodaboda, na pamoja nazo lita nne za maziwa. Usiku ndizi zinamenywa. Asubuhi kijana anapandisha ndoo za maganda kwa mama mwingine mwenye ng'ombe wawili wa ndani. Maziwa yale ni ya maganda yale. Hakuna shilingi inayopita hapo. Ng'ombe hao ninawatibu mimi, na kiangazi, wakati majani yanatafutwa hadi huko chini Kahe, maganda ya mwembeni ndiyo yanayowashika. Nyama inatoka kwa mchinjaji mmoja anayemwekea kifua na mifupa yenye uboho kabla hajafungua bucha, naye analipwa kila Jumamosi.

Sasa chukua hiyo sufuria uifanye tatu. Kihamba kile hakina mikungu ya kujaza sufuria tatu kila siku ya Mungu. Itabidi ndizi zinunuliwe sokoni, zimechanganywa, nyingine zina siku tatu toka zikatwe. Mchinjaji hana vifua vitatu kwa ng'ombe mmoja. Ng'ombe wawili hawatoi lita 12 za jioni. Kila mkono katika mnyororo ule utakatika, na mama atabaki ndani ya jengo la marumaru akiuza mtori ambao hata yeye hautambui.

Pendekezo langu: fedha hizo zimfanyie mambo ambayo hayagusi sufuria. Jiko banifu, linalobana matumizi ya kuni, lenye bomba la kutoa moshi. Mfereji wa bati na tenki la maji ya mvua. Choo cha wateja. Mabenchi yenye egemeo, maana wazee wanaumia migongo.

Je, nimekosea? Naomba mawazo yenu. Wanaomfahamu mama wasimtaje jina.

#2 Semi Tandamu

Mleta uzi ubarikiwe. Mimi napita hapo kwenda Holili, mara mbili kwa mwezi, wakati mwingine mara tatu.

Kuna safari nilikwama mpakani siku tatu kwa makaratasi. Kurudi nimefika mwembeni mchana, nimechoka, mfukoni sina kitu. Mama hakuniuliza chochote. Alinitazama tu, akaingia ndani, akatoka na bakuli. Mtori ulikuwa umeshaisha toka asubuhi! Kumbe hilo lilikuwa lake, alilojiwekea yeye. Nilikuja kulijua baadaye, niliambiwa na wale mabinti. Sijui kama mnanielewa, nina umri wa miaka 52 na siku hiyo nililia ndani ya kabini.

Kuhusu msaada, umesahau kubwa kuliko yote: maegesho. Sisi wenye magari marefu tunaegesha matairi ya kushoto kwenye udongo na ya kulia bado yako kwenye lami. Mbele kuna mtelemko kidogo, wenye magari madogo wanakuja kasi ingawa kibao kinasema 50. Watoto wa shule wanatokea mbele ya lori langu bila kuonwa. Nimewahi kupiga honi nikiwa nakula, bakuli mkononi, nimekimbilia kabini, kwa sababu niliona mtoto anataka kuvuka. Msijenge marumaru. Mwageni kifusi na moramu (udongo wa changarawe) upande wa shamba, magari yatoke barabarani kabisa. Gari mbili za moramu nitachangia mimi na wenzangu.

#3 Hesabu Kwanza

Samahani wakuu, nitapingana kidogo, na ninapinga kwa upendo maana na mimi nimekula pale.

Nimekaa nikapiga hesabu ya mwembeni. Mtori bakuli 60 kwa 2,000 ni 120,000. Chapati 80 ni 40,000. Chai vikombe 30 ni 15,000. Jumla 175,000. Toa nyama kilo 6 kwa 10,000, hapo 60,000. Ndizi 20,000. Unga na mafuta ya chapati 20,000. Maziwa, sukari na majani 8,000. Vitunguu, chumvi na vikorokoro 5,000. Kuni 6,000. Zinabaki 56,000. Mabinti wawili kwa 8,000 kila mmoja, zinabaki 40,000. Hapo ndipo anaposomesha wajukuu, ndipo anapougulia, ndipo anapochangia misiba yote hiyo mliyoitaja.

Mama yule umri umekwenda. Anaamka saa 8 usiku. Siku akianguka, wale mabinti wanakwenda wapi? Mzee jirani anakula wapi? Ninyi mnaosema abaki alivyo, mnapenda mtori au mnampenda mama? Kukua si dhambi. Hoteli kubwa za kule Mombo na Korogwe zinazosimamisha mabasi ya Dar huenda nazo zilianza na mtu mmoja na sufuria yake.

#4 Mshare Mbichi

Shikamooni wakubwa. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi nilimenya ndizi pale miaka miwili kabla sijaenda kusomea upishi, sasa hivi napika kwenye hoteli ya watalii Arusha. Kaka Hesabu, hesabu zako ni nzuri lakini nikurekebishe sehemu mbili. Maziwa hanunui, mleta uzi ameeleza. Na kwenye bakuli 60 kuna 7 au 8 ambazo hazilipwi, anazijua mwenyewe ni za nani na kwa nini. Hizo hataki ziandikwe kwenye daftari la madeni kwa sababu, anasema, deni likiandikwa linamfukuza mtu.

Niwaambie mtori wenyewe unavyopikwa, maana naona watu wanadhani ni ndizi za kuponda tu.

Tunamenya kuanzia saa 2 usiku. Mikono inapakwa mafuta kwanza, utomvu wa mshare ukikauka vidoleni unakaa wiki nzima, na nguo iliyoingia utomvu ndiyo imekwisha. Ndizi ikimenywa inakwaruzwa na kisu, ile ngozi nyembamba ya ndani itoke yote, ikibaki mtori unakuwa na rangi ya kijivu na uchachu kwa mbali. Inapasuliwa kati kwa urefu, ukiona mstari mweusi katikati unautoa. Halafu ndizi zinalala kwenye maji.

Saa 8 usiku mama anaamka, anabandika nyama na mifupa kwa maji na chumvi tu. Kuni zake ni za mikahawa. Watu wakipogoa mikahawa yao mlimani anazichukua, maana zinashika moto taratibu na makaa yake hayazimi haraka. Mpaka saa 10 nyama imelegea. Anaitoa yote, anaifunika pembeni. Ndizi zinaingia kwenye ile supu pamoja na kitunguu kilichokatwa makubwa, hakikaangwi. Zikiiva hadi zinaachia zenyewe, anaanza kuzisonga na mwiko akizibana kwenye ukuta wa sufuria. Hapo ndipo nilipokuwa nakosea mimi. Nilikuwa nasonga kwa nguvu, unatoka uji laini usio na kitu. Yeye anaacha vipande vidogo vidogo, kama punje, ili mdomo ukutane na ndizi. Nyama inarudishwa mwishoni, imechambuliwa kwa mkono. Maziwa anatia kikombe kimoja tu kwa sufuria nzima baada ya kuteremsha, si kwa ladha, ni kwa kuulainisha. Pilipili na ndimu viko mezani, kila mtu na ulimi wake.

Sasa nifike kwenye hoja. Mwaka jana hotelini kwetu niliomba kupika mtori kwa wageni. Nikapewa sufuria kubwa mara mbili ya ile ya mama, jiko zuri la gesi, nyama safi isiyo na mfupa. Ndizi zilitoka sokoni, mshare na zile ziitwazo ndizi ng'ombe zimechanganywa, nyingine zimeanza kulainika. Nilifuata kila hatua. Wageni walisifu. Mimi niliuonja nikaenda kukaa nyuma ya stoo. Haukuwa wenyewe. Zilizoanza kuiva zilitia utamu, zile ngumu zilibaki mabonge, na supu haikuwa na uzito kwa sababu hapakuwa na uboho. Kwa hiyo mleta uzi yuko sahihi kuhusu ile sufuria. Nimejaribu kwa mikono yangu.

Lakini na kaka Hesabu yuko sahihi kuhusu saa 8 usiku. Nilipoondoka, goti lake la kulia lilikuwa limeshaanza kumsumbua. Hilo mbona hamlisemi?

#5 Mrombo Halisi

Dada kwa heshima zote, mtori na kikombe kimoja cha maziwa kwa sufuria nzima? Kwetu bibi anatia maziwa mpaka uone rangi inabadilika, na siagi ya kienyeji juu.

#6 Kibosho Road

Kwetu hakuna maziwa kabisa. Mtori ni ndizi, nyama, chumvi. Ukitia maziwa unampikia aliyejifungua.

#7 Mshare Mbichi

Kaka zangu wote wawili mko sawa, kila mtu na mlango wa mama yake. Hata machalari na kiburu, vyakula vyetu vingine vya ndizi, kila kijiji kina mkono wake. Ninachoeleza ni mkono wa mwembeni.

#8 Mwalimu Mstaafu

Habari za jioni wanajukwaa. Naandika nikiwa na mambo mawili, na naomba vijana mnisome hadi mwisho.

La kwanza ni moshi. Nimekaa kwenye lile banda asubuhi za baridi, mwezi wa saba, macho yanatoka machozi, na mimi nimekaa nusu saa tu. Yeye yuko ndani yake kwa miaka. Mnafahamu kwamba mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa miaka 10, hadi 2034, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zilitangulia kuzuiwa kutumia kuni na mkaa, kuanzia Januari mwaka huohuo. Mama si taasisi, na sitaki mtu amtishe. Ila mapafu ni mapafu. Binti yetu wa Arusha, wewe ni fundi wa jiko, tuambie: hivi mtori ule ni lazima uive kwa kuni tangu mwanzo hadi mwisho?

La pili ni barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imepanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipima toka katikati ya barabara. Jumapili baada ya ibada nilikwenda na kamba, nikapima mimi mwenyewe. Banda lote liko ndani ya mita 30. Mwembe wenyewe uko ndani. Mmeona jinsi Sakina hadi Tengeru, kule Arusha, ilivyokuwa njia nne, na mnajua kuna siku upanuzi utafika huku. Mtu akiweka marumaru pale, ameziweka kwenye barabara. Anayetaka kujenga chochote cha kudumu aanze kwa kutafuta kiwanja nyuma ya ile mita ya 30. Nyuma ya mwembe kuna shamba la familia ambayo nimewafundisha watoto wao wote watatu. Nitazungumza nao.

#9 Semi Tandamu

Mwalimu shikamoo. Hilo la kamba limenifungua macho. Basi hata moramu yetu tuimwage huko nyuma, si pembeni mwa lami.

#10 Mshare Mbichi

Shikamoo mwalimu. Nyama inaweza kuchemshwa kwa gesi vizuri kabisa, hata kwenye jiko la umeme la presha, na ingemwondolea mama kuamka saa 8. Chai na chapati pia. Kinachohitaji kuni ni ile saa moja na nusu ya ndizi, kwa sababu sufuria kubwa juu ya gesi inaungua katikati na pembeni inabaki mbichi. Kuni zinakumbatia sufuria yote. Ila hapo jiko banifu la udongo na tofali linafanya kazi ileile, moto unazunguka, moshi unapanda kwenye bomba. Mtungi wa gesi alinunuliwa na mwanawe, ni mtungi mdogo, anautumia kwa chai ya kwanza tu.

#11 Mpagazi wa Nalemuru

Niweke neno na mimi. Sisi wa mlimani, tunaowabebea watalii mizigo Kilimanjaro, tunapita na magari ya kampuni alfajiri, tukipandisha Marangu au tukizunguka Rongai. Ukishapimiwa mzigo wako wa kilo 20 getini, utakumbuka kama ulikula au hukula. Chakula cha kambini kinapikwa kwa wageni kwanza, sisi tunasubiri. Kwa hiyo bakuli la mwembeni ndilo linalokufikisha kambi ya kwanza.

Wengi wetu tunapanda mfukoni hatuna kitu, tunalipwa tukishuka. Mama anaandika kwenye daftari: tarehe, rangi ya koti lako, njia unayopanda. Majina hayajui yote. Siku ya sita, ya saba, gari likishuka linasimama pale lenyewe, hakuna anayemwambia dereva. Kwenye daftari la mwaka jana palikuwa na mstari mmoja ambao haujalipwa. Mwenzetu aliugua juu, akateremshwa usiku, akapelekwa hospitali moja kwa moja. Alipopata nguvu alipanda daladala kutoka kwao hadi mwembeni kulipa 2,500. Nauli ilizidi deni.

Ninachoomba: mkimjengea, msimwekee mashine ya risiti inayomlazimisha mtu alipe kabla hajala.

#12 Hesabu Kwanza

Nimesoma yote, na nimemsoma dada wa Arusha mara mbili. Narudisha nyuma sehemu ya maneno yangu. Sikujua kuhusu maganda na maziwa, na sikujua kuhusu goti.

Bado nasimama kwenye swali la nani atashika mwiko. Na kuna jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, watu wa Dar wanateremka pale saa 10, saa 11 alfajiri, wana watoto na mabegi, wanasubiri kupambazuke ndipo wapande kwao. Desemba hiyo nilishuka mimi mwenyewe na familia. Tulikuwa kama watu 30 chini ya mwembe, baridi inauma, na mama alifungua akatupa chai kabla ya muda wake. Desemba yote hakupandisha bei hata shilingi 100, wakati kila kitu barabarani kilikuwa kimepanda. Wateja hao wapya wapo, na hawataki mtori saa 10 usiku. Wanataka chai ya moto, mahali pa kukaa na choo. Hiyo inaweza kuwa kazi ya mtu mwingine, mwenye jiko lake la gesi, pembeni ya mama, bila kugusa sufuria. Chai na chapati zikitolewa alfajiri zinalipa mshahara wa mtu wa tatu, na mtu huyo wa tatu ndiye atakayekuwa anabandika nyama. Mama aamke saa 10 badala ya saa 8. Hapo ndipo hesabu yangu ilipofika leo.

#13 Msambaza Dawa (mleta uzi)

Kaka Hesabu, asante. Hilo sikuwa nimeliona, na mimi nilikuwa nimesimama upande mmoja mno.

Leo asubuhi nimekaa na mama baada ya sufuria kuisha, nikamsomea uzi wote kwenye simu, neno kwa neno. Nilipofika kwa dereva alinyamaza, akasema "kumbe alijua." Kwenye maziwa ya Rombo na Kibosho alicheka sana, akasema hata yeye kwa mama yake hawakutia, alijifunza kwa mama mkwe. Ya kamba ya mwalimu alikuwa anaijua. Alisema ndiyo maana hajawahi kuweka tofali hata moja pale, kwamba tangu alipopata kile kitambulisho cha mjasiriamali cha 20,000 aliambiwa banda libaki la kuhamishika, naye amelishika hilo.

Anakubali jiko lenye bomba. Anakubali tenki na choo, ila choo kiwe nyuma ya ile mita 30 kama mwalimu alivyosema. Anakubali mtu wa chai ya alfajiri. Moramu ameipenda kuliko vyote, kwa sababu ya watoto wa shule. Kibao, televisheni na chipsi amekataa. Amesema chipsi zina watu wake pale Njia Panda na wanapika vizuri.

Halafu akaniuliza: "Huyu anayejiita Mshare Mbichi, ni yule wangu mwembamba aliyekuwa anaungua vidole?" Nikamwambia nadhani ndiye. Akakaa kimya, akawa anakwangua sufuria ambayo ilikuwa imeshakwanguliwa. Akasema nikuulize, dada yangu, likizo yako inaanza lini. Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza.

#14 Mshare Mbichi

Ndiye mimi. Likizo ni tarehe 10 mwezi ujao, siku 28. Nitampigia usiku huu, saa za kumenya ndizi, maana saa hizo huwa hana haraka.

#15 Mwalimu Mstaafu

Familia ya nyuma ya mwembe wamekubali tuzungumze. Hawauzi, ila wako tayari kukodisha kipande cha mbele kwa miaka kadhaa. Tuandikishane mbele ya serikali ya kijiji, isiwe ya mdomo. Kundi la WhatsApp walete mtu mmoja mwenye kushika fedha na mmoja wa kushika daftari, wasiwe ndugu.

#16 Semi Tandamu

Moramu ipo. Gari la kwanza wiki ijayo, siku ya Alhamisi, mwalimu akishaonyesha mpaka.

#17 Msambaza Dawa (mleta uzi)

Fundi wa jiko nimempata, anatoka Marangu, anataka kuona sufuria kwanza ili ajenge mdomo wa jiko kwa kipimo chake. Nampeleka Jumamosi. Gari langu lina nafasi tatu kutoka stendi ya Moshi, naondoka saa 12 kasoro 20. Msichelewe, saa 3 kasoro itakuwa imekwisha.